Mringamu Uliobebeshwa Msitu

Mimi shule niliiacha darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Nasema mapema ili msomaji asitafute humu maneno ya chuo. Lakini kichupa cha levo nilikisoma vizuri kuliko watu wenye vyeti, na miti niliyoipanda kwa mkono wangu ingepangwa mstari ingetoka Ruiru ikafika Thika na kurudi. Wanaobisha waje wahesabu.

Miaka ile ya Imajensi, serikali ya wakoloni ilipopigana na Mau Mau, nilikuwa na mabwana wawili. Jumatatu hadi Jumatano nilimshikia bwana shamba kamba ya levo, kwenye migongo ya vilima juu ya Ruiru, pale kahawa ya wazungu ilipoishia na rizavu yetu, ardhi tuliyotengewa sisi weusi, ikaanza. Alhamisi hadi Jumamosi nilipanda baiskeli mpaka Thika kwa bwana miti, nikamwagilia miche katika kitalu chake kando ya mto Chania, chini ya Kamenu. Pasi ya kutembea nilipewa kwa sababu ya kazi hizo mbili, na vijana wenzangu waliofungiwa ndani ya mtaro wa kijiji cha serikali bila ruhusa ya kutoka waliniona mtu mkubwa. Hata mimi nilijiona.

Levo ya kamba ni kitu rahisi. Watu wawili hushika vijiti viwili vya urefu mmoja, vimeunganishwa kwa kamba, na katikati ya kamba kunaning'inia kichupa cha maji chenye povu moja la hewa. Povu likitulia katikati, uliposimama wewe na aliposimama mwenzako ni kimo kimoja. Unapiga kigingi, unasonga. Vigingi vikishavuka shamba zima, watu wanachimba tuta kwa kuvifuata, na mvua ikija haitelemki tena na udongo wako hadi mtoni. Nilipenda kazi hiyo. Povu halijali kama ulisoma.

Bwana shamba alikuwa kijana kutoka magharibi, Mluhya, Kikuyu hakukijua, kwa hivyo alizungumza na sisi sote kwa Kiswahili. Kwake dunia ilikuwa udongo. Kila kitu kingine ama kiliushika au kiliuiba. Mti mkubwa katikati ya shamba aliuita mwizi mwenye kivuli. Bwana miti alikuwa mtu wetu, Mkikuyu wa makamo, aliyekulia kazi ya msitu tangu akiwa kibarua wa kuchoma mashina. Kwake mti ulikuwa zao kama mahindi, ila wenyewe wataka subira. Akitazama mti alikuwa tayari anaona nguzo, mbao na kuni. Mti uliopinda ulimkera kama mtoto asiyeamkia wakubwa.

Siku bwana shamba alipofika kitaluni kuomba miche ya kuzuia upepo, walianza hata kabla ya kupeana mkono.

"Umejaza nchi miti mpaka mahindi yanatafuta jua kwa tochi," alisema bwana shamba.

"Na wewe umeichimbachimba nchi imekuwa ngazi. Watu wako wanapanda kwenda wapi? Mbinguni?"

"Afadhali ngazi. Kivuli hakiliwi."

"Na ugali wenu huko Kavirondo mnaupika kwa nini? Kwa udongo?"

Mimi nilicheka upande wa bwana wa siku hiyo. Ilikuwa Ijumaa, kwa hivyo nilicheka upande wa miti.

Nimewafikiria sana watu hawa wawili tangu nipate mashamba yangu mwenyewe. Hawakuwa wabaya. Waliipenda nchi, na walifanya kazi mpaka viatu vikafunguka midomo. Lakini sikumbuki hata siku moja mmoja wao akimuuliza mwenye shamba, Je, mti huu hapa ulikuwa wa nini? Nami niliyekuwa katikati yao, niliyezaliwa pale, sikuwaambia. Nilitaka kuwa nyapara. Mtu anayetaka unyapara hasemi asichoulizwa.

Sasa nisimulie habari ya chemchemi ya mama.

Mama alikuwa mjane. Shamba lake lilishuka kutoka mgongoni mpaka bondeni, na kule chini kulikuwa na jicho la maji lisilokauka hata kiangazi. Penye majimaji alilima nduma, yaani magimbi, na nduma hizo ndizo zilizotukuza. Wanawake wa mgongo mzima walichota pale. Kabla hatujakusanywa kijijini, bwana miti alipita akatazama bonde lile akasikitika.

"Ardhi ya majimaji ni taka," aliniambia. "Haioti kitu. Panda mringamu hapo, itakauka, na mtapata nguzo."

Vitabuni mti huo wanauita mkaratusi. Sisi tuliuita mringamu. Nilipanda arobaini kulizunguka jicho la maji, mistari iliyonyooka kama uzi, na bwana miti akanisifu mbele ya vibarua wengine. Mama alikuja na jembe lake begani, akatazama miche ile akaniuliza neno moja.

"Mti huu, huko kwao hunywa wapi?"

Nikamjibu kwamba mambo ya miti yana wenyewe. Alinyamaza. Mama alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo ilikufuata mpaka nyumbani.

Katikati ya shamba lake, huku juu, kulikuwa na muiri mkubwa, mti wa asili wa misitu yetu. Babu yangu alipofyeka msitu ule mara ya kwanza aliuacha kwa makusudi, na hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Wazee wetu walipofyeka msitu, hawakukata miti yote. Waliuacha mmoja mkubwa usimame, ili roho za ile iliyokatwa zipate pa kukaa zisitangetange na kuwasumbua watu. Mti huo haukuguswa ovyo. Kama ilibidi uanguke, mzee aliyejua maneno aliitwa, kondoo dume akachinjwa chini yake, tawi likakatwa likaegemezwa kwenye shina. Baada ya maneno, tawi lile lilibebwa bila kugusa chini, likaegemezwa kwenye mti mwingine mkubwa. Roho zilifuata tawi. Hapo sasa mti wa kwanza ulikuwa mti tu, ukaukata ukapikia.

Mama alikuwa mtu wa kanisa, aliyebatizwa na kuimba sauti ya kwanza. Lakini muiri ule hakuuvunja hata kijiti.

Kisha ikaja kahawa. Miaka hiyo mtu mweusi alipanda kahawa kwa ruhusa, na ruhusa ilikuja na masharti: matuta kwanza, mashimo ya kipimo, shamba safi. Mama aliitaka kahawa ile kuliko alivyotaka kitu chochote nilichowahi kumwona akitaka. Angekuwa mjane wa kwanza kwenye mgongo wetu kuipata. Tukapima na bwana shamba, povu likatulia kigingi baada ya kigingi, na mstari wa tuta la tatu ukaenda ukagonga shina la muiri.

"Mama, huu uondoke," alisema bwana shamba. "Mizizi yake itakula mbolea yote, na chini ya kivuli hiki mkaguzi hatapitisha hata shimo moja."

"Pindisha mstari wako."

"Mstari si wangu, mama. Ni wa maji. Nikiupindisha, mvua itapita hapo hapo."

"Kahawa naitaka," alisema mama. "Na mti nautaka."

"Serikali haikupi vyote viwili."

"Serikali ilikuwa wapi mti huu ulipoachwa?"

Bwana shamba aliondoa kofia, akajipepea. Alimheshimu mama yangu, akanitazama mimi nimsaidie. Mama naye akanitazama. Mwishowe mama alisema mti utaanguka, lakini uhamishwe kwanza kwa desturi.

Taabu ikawa hii: mzee wa ukoo wetu aliyejua maneno alikuwa kizuizini, hatukujua hata ni kambi gani. Na mkaguzi wa kahawa alikuwa anakuja baada ya wiki mbili. Nikamwambia mama kwamba mimi nayajua maneno, nilimsikia babu. Sikuyajua. Babu alikufa nikiwa mgongoni mwa mama.

Kondoo tulichinja, tena tulimla vizuri. Tawi nilikata, nikaliegemeza kwenye shina, nikasimama pale nikitikisa midomo. Nilichosema hasa, nakiandika leo kwa mara ya kwanza, ni "Haya, twendeni." Nikalibeba tawi begani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mgongo mzima haukuwa tena na mti mkubwa. Ya kando ya njia ilikatwa kwa amri isiwe maficho ya watu wa msituni, na iliyobaki tuliimaliza wenyewe kwa kuni tulipobanwa kijijini. Nikatazama huku na huku. Mti mrefu kuliko yote uliosimama ulikuwa mringamu wangu, ule wa kwanza, juu kabisa ya jicho la maji. Ulikuwa na umri wa miaka minne.

Nikashuka nalo bonde zima, mchana kweupe, wanawake wakiwa wamejiinamia kwenye mitungi yao. Nikaliegemeza tawi la muiri kwenye mringamu, nikapangusa mikono.

"Umefanya nini hapo?" aliuliza mmoja wao.

"Nimehamisha msitu wa babu," nikasema, na nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya pili tuliukata muiri kwa msumeno wa watu wawili. Mama alipata ruhusa, akapanda miche yake mia moja, na bwana shamba akamwita mfano wa kuigwa mbele ya watu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya mambo mawili kwa pigo moja.

Mringamu hukua kama deni la mlevi. Mwaka uliofuata ile arobaini ilikuwa msitu mdogo wenye harufu ya dawa ya kifua, na jicho la maji likaanza kuzeeka. Zamani ukiweka mtungi pale ulijaa kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Sasa ulimaliza habari za jirani, za ng'ombe wake na za wakwe zake, na mtungi bado ulikuwa nusu. Kiangazi cha pili nduma zikageuka manjano, majani yakainamisha masikio. Miche ya kahawa, ambayo bado ilitaka kunyweshwa, mama aliichotea maji mtoni, debe mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, kupanda na kushuka mgongo ule mara tano asubuhi moja. Nikaanza kuona kwamba akilikosa jicho lile la maji, kahawa itakufa, na nduma zitakufa, na muiri utakuwa umekatwa bure.

Bwana shamba alikuja kukagua, akateremka mpaka bondeni, akapiga magoti akachukua udongo akaubana mkononi. Ukamwagika kama unga.

"Nani alipanda vinyonyaji hivi hapa?"

"Ni mimi, bwana. Kwa amri."

"Amri ya nani?"

"Ya Alhamisi."

Alipangusa mikono kwenye suruali. Kisha akaandika barua, na mimi mwenyewe nikaipeleka Thika kwa baiskeli. Nilitarajia bwana miti atapigana, lakini alisoma akasema vizuri sana, kuna shule inataka nguzo za paa, na miti ile imekwisha komaa. Kuhusu maji hakusema. Alikuja na lori na wakataji wanne, na wanawake wa kijiji wakaitwa kazi ya lazima wakaburute nguzo barabarani.

Wakakata miringamu thelathini na tisa kabla ya saa sita. Wa arobaini, ule wa juu ya jicho, ambao sasa ulikuwa mnene kuliko wenzake kwa sababu ulikaa mdomoni mwa maji, wakauzunguka. Wakataji wakaketi chini wakafungua chakula. Wanawake wakashika viuno wakasimama mbali.

"Na huu?" aliuliza bwana miti.

Mkataji mmoja akaendelea kumega ugali wake.

"Nawauliza, na huu?"

"Huo umebebeshwa," alisema mmoja wa wakataji. "Sisi hatuugusi."

Bwana miti alikuwa Mkikuyu, hakuhitaji kufafanuliwa. Aliliona lile tawi kavu la muiri bado limeegemea shinani. Akawaka.

"Mti huu mbegu zake nilizileta mimi kwa bahasha! Ni ndogo kuliko tumbaku ya kunusa! Leo mnaniambia humu ndani mmeweka babu zenu?"

"Si babu zetu," alisema mwanamke mmoja kwa upole. "Ni miti."

"Nani mjinga aliyefanya hivi?"

Wote walinitazama, hata wale wasionijua. Bwana shamba, aliyekuwa amekuja kusimamia, alifuata macho yao. Nilidhani atacheka, maana alikuwa mtu wa mzaha. Hakucheka. Alisema kwao pia kuna mti ambao hata mjomba wake katekista huupita kwa mbali. Kisha akanivuta kando.

"Umenishikia kamba miaka mitatu. Povu hujalidanganya hata siku moja. Hapa ulimdanganya nani?"

Nikaenda kusaidia kupakia nguzo. Lori likaondoka na nguzo thelathini na tisa. Ule mmoja, sasa bila wenzake wa kugawana nao, ukanywa peke yake.

Jumapili ile sikwenda kanisani. Nilichukua shoka nikashuka bondeni kuumaliza upuuzi huo kwa mkono wangu. Mimi nilikuwa mtu wa kisasa, nilikuwa na baiskeli na pasi. Nikamkuta mama ameketi kando ya jicho, anangoja mtungi ujae. Nikadhani atanizuia. Alisogeza miguu yake nipate nafasi ya kusimama.

"Kata," akasema. "Lakini jua unachokata. Ukikata kwa sababu hamna kitu ndani, basi siku ile ulinidanganya, na mimi niliangusha muiri wa baba mkwe wangu juu ya uongo wako. Na kama kuna kitu ndani, wajua mwenyewe. Sasa kata, nikuone."

Shoka lilikuwa zito. Nimebeba mizigo mingi katika maisha yangu, magunia ya simiti, jeneza la mama huyu huyu, lakini kwa shoka lile naikumbuka mikono yangu ilivyochoka bila kupiga hata pigo moja. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia maneno niliyosema ni "Haya, twendeni."

Aliziba mdomo kwa kanga. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Kisha mtungi ukajaa, akajitwisha, akanipa debe la mtoni. Toka siku hiyo, siku zangu zote zisizo za mabwana nilichota maji mtoni nikanywesha kahawa yake. Wanaume walinizomea njiani, kazi ya wanawake ile. Waache wazomee.

Karibu na mwisho wa Imajensi mzee wetu akarudi kutoka kizuizini, amekonda, meno mawili hayapo. Mama alinipeleka kwake siku ya tatu, hata hajamaliza kusalimiwa. Nilipiga magoti nikamweleza yote.

"Maneno uliyosema ni yapi?"

"Guka," nilimjibu, ndivyo tunavyoita babu, "nilisema, Haya, twendeni."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mama akamletea uji. Alipopona akafuta macho.

"Na roho zikakufuata," akasema. "Miti haina kiburi kama wewe. Zilifuata mtu asiyejua njia, zikakaa kwa mgeni asiyejua lugha yao. Sasa mgeni hafukuzwi. Zinaombwa zitoke."

Tukatembea mgongo mzima siku mbili tukitafuta mti mkubwa wa kuzipokea. Hakuna. Mgongo ulikuwa matuta mazuri kutoka juu hadi chini, vigingi vyangu, kahawa changa, na si mti hata mmoja wa kumficha kuku. Nilisimama pale nikaona kazi ya mikono yangu. Matuta yale yameshika udongo mpaka leo, siyajutii. Lakini mzee alikuwa amekaa miaka mingi nje, akauliza tu, "Wote walikwenda wapi?" kama mtu anayeuliza habari za watu wa nyumbani.

Ulikuwepo muiri mmoja nilioujua mimi. Ulikuwa kitaluni Thika, kando ya Chania, na bwana miti alikuwa amekwisha kuutia alama ya rangi, apasue mbao mwaka unaofuata.

Mzee alikwisha kuziomba roho chini ya mringamu na kukata tawi, na bwana shamba akanipa Jumatano yake. Tulianza kwa miguu alfajiri: mzee mbele na kondoo wa mti mpya akimvuta kwa kamba, mimi na tawi la mringamu begani, mama nyuma yangu kuangalia lisiguse chini. Tulipofika karibu na Ruiru mjini askari alitusimamisha, kijana wa Kikamba.

"Pasi."

Pasi zetu zilikuwa katika mfuko wangu wa ndani, na mikono yangu miwili ilikuwa na tawi.

"Weka hicho kijiti chini."

"Hakiwekwi chini," alisema mzee.

"Kwa nini? Kina nini?"

"Kina msitu," alisema mama.

Askari akatazama tawi, akamtazama kondoo, akamtazama mzee meno yake yasiyokuwepo. "Haiya," akasema, "leteni hapa." Akalichukua begani mwake, bunduki upande mmoja na msitu wa babu upande wa pili, akasimama wima kama yuko gwaride mpaka nikatoa pasi. Nilipolichukua tena aliniuliza kwa sauti ndogo kama kuna kitu chochote kitakuwa kimemwingia. Mzee akamwambia, "Hapana, mwanangu. Umesaidia tu."

Tulifika kitaluni jua limesimama. Bwana miti alimwamkia mzee kwa heshima, akatuketisha kwenye benchi ya kupandia miche, akauliza shida.

"Tumekuja kuomba mti," alisema mzee.

"Wa nguzo au wa kuni?"

"Wa kutokatwa."

Bwana miti alitazama tawi begani kwangu, akaelewa. Akainuka, akaenda kuuzunguka ule muiri. Alikuwa ananyoosha mkono anagusa maganda, pale penye rangi yake.

"Nikikubali, siukati tena?"

"Huukati. Wala atakayekuja baada yako, ukimwambia."

"Mzee, tangu nishike kazi hii sijawahi kuwa na mti ambao si wa kukatwa." Alisema kama mtu anayeona aibu. "Mkubwa wangu akiuliza kwa nini umesimama?"

"Si unatoa mbegu?"

"Unatoa."

"Mwambie ni wa mbegu. Hujasema uongo."

Akautazama muiri hadi kileleni. Mimi nilikuwa nahisi tawi linanikata bega, na nyuma yangu nilisikia pumzi za mama. Kahawa yake, nduma zake, jicho lake la maji, vyote vilikuwa mkononi mwa mtu huyu aliyeniambia ardhi ya maji ni taka. Akavuta kisu cha kuunganishia miche, akainama, akaanza kukwangua ile rangi.

"Egemezeni," alisema akiwa ametupa mgongo, "kabla akili haijanirudia."

Maneno aliyoyasema mzee siwezi kuyaandika, na si kwa sababu niliyasahau.

Kesho yake niliangusha mringamu wa arobaini mwenyewe. Shina lake lilichipua baada ya wiki mbili, machipukizi mengi kama vidole, nikakata, likachipua, nikakata. Mwishowe nilichimba mizizi yote kwa jembe na sururu, mwezi mzima, nikiwa shimoni mpaka kifuani. Bwana shamba alikuja kuniona, akavua koti akaingia naye akachimba. Bwana miti alituma salamu kwamba kama hatuzimalizi kuni za mizizi hiyo tumgawie.

Maji hayakurudi kiangazi kile. Safu mbili za kahawa zilikauka na mama akazing'oa mwenyewe. Mvua za masika zikapita, hakuna. Za mwaka uliofuata zilipokwisha, wanawake walikuja kunifuata shambani, wananiita kwa jina la babu.

Nilimkuta mama amelala kifudifudi ukingoni, mkono wake umo ndani ya jicho. Maji yalimfika kwenye kifundo cha mkono. Zamani yalifika kiwiko.

"Yanatosha nduma," akasema bila kuinuka. "Kwa majivuno hayatoshi. Nenda kwa jirani ukaniombee vipando."